Gari Lisilotaka Mguu wa Kushoto

Haya nilisimuliwa na fundi cherehani mwenyewe, mwanzo wa mvua, mwaka ule mjukuu wangu wa mwisho alipoacha ziwa. Nilimpelekea gauni alipunguze kiuno, mvua ikanikuta dukani kwake, nikakaa kwenye benchi la wateja. Yeye alikuwa akishona vifungo kwa mkono, na mtu anayeshona vifungo hana haraka. Nami sikuwa na haraka. Basi akasimulia, nami nayaandika kama nilivyoyapokea, bila kuongeza chumvi isipokuwa pale ilipokuwa imo tayari.

Huyu fundi ana mke, na mke wake alikuwa dereva. Si dereva wa kujifunza jana. Tangu usichana wake alikuwa akiendesha gari la mkate, lile refu lenye milango ya nyuma inayogongana, mpaka watoto wao wakakua, wakaoa, wakahamia kwao. Kabla watu hawajanawa uso yeye keshapita mitaa yote, duka kwa duka, na shati lake likirudi nyumbani lilinukia tanuri.

Fundi alimpenda kabla hajamwona uso. Wakati huo alikuwa kijana wa kukatia wenzake vitambaa, duka la bosi wake liko kwenye kona, chini ya mlima. Magari yote yalikwaruza pale konani yakitafuta gia ya kupandia. Gari moja tu, kila asubuhi, lilibadilisha gia likapita kama mkasi kwenye hariri. Siku moja akaacha kitambaa mezani, akatoka nje amwone huyo bwana anayejua gari namna ile. Akakuta si bwana. Mengine yakafuata, posa na ndoa na watoto, na tangu siku ile hakumwita mkewe jina jingine ila Dereva, hata walipogombana.

Kisha kiharusi kikaja. Kiliingia bila hodi, asubuhi, Dereva akiwa anafunga kamba ya kiatu. Mdomo ulipinda ukarudi. Mkono wa kushoto ulilegea ukarudi. Mguu wa kushoto ukarudi nusu, ukawa mguu wa kubembelezwa, unaburuzwa kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Kwa fimbo aliweza kwenda jikoni na sokoni, lakini klachi ya gari la mkate, ile ya kukanyagwa na mguu wa kushoto kila unapobadilisha gia, ilikuwa nzito, na klachi haibembelezwi. Kazini wakampa pole na zawadi ya blanketi, na gari wakampa mwingine.

Basi akawa mtu wa kukaa dirishani. Nyumba yao iko upande wa nyuma wa duka, dirisha linatazama barabara. Fundi akiwa kwenye cherehani alimsikia mkewe akinong'ona magari yanapopanda mlima.

"Tatu. Sasa mbili. Mbili, mbili, mbili... Ah. Kachelewa."

Siku nzima hivyo. Hakulia, hakulalamika, chakula alipika, mume alimtunza. Lakini ile sauti ya kunong'ona gia za watu wengine ilimchoma fundi kuliko sindano, na sindano zimemchoma sana.

Daktari wa mazoezi ndiye aliyetoa wazo. Alimpima akasema mguu wa kulia ni mzima, macho mazima, mikono mizima, na kwamba gari lisilo na klachi, yaani la otomatiki, angeliendesha bila shida, maana mguu wa kushoto hauna kazi mle. Dereva alimshukuru vizuri. Walipofika njiani akamwambia mumewe kwamba otomatiki ni magari ya watu wanaoendesha huku wanachana nywele, na hakutaka yasemwe tena. Fundi akayasikia maneno, na akasikia pia yaliyokuwa chini ya maneno, kama unavyojua kitambaa kina bitana hata kama hujaiona.

Hakuyasema tena. Akauza cherehani yake ya kudarizi, ile aliyoipenda, akajumlisha na akiba, na akamwendea shemeji yake kwa siri.

Shemeji huyu ni mdogo wake Dereva, ndugu wa kiume wa mwisho, dereva vilevile, wa lori la tani kumi. Mtaani hakuna anayemwita vingine: ni Tani Kumi, na mwili wake haukulipinga jina. Fundi alimwomba amsaidie kutafuta gari la otomatiki lililotumika, dogo, zima. Yeye mwenyewe alikuwa hajui gari, ila alijua kuwa gari kuukuu ni kama mbuzi kwenye gunia: unasikia analia, hujui ana miguu mingapi.

"Shemeji," Tani Kumi akamwambia, "gari ni gari. Mimi nikikaa tu, linaniambia ugonjwa wake."

Gari la kwanza lilikuwa la mkunga mstaafu, mama mtu mzima anayekaa peke yake kwenye nyumba yenye ua safi. Nusu ya mtaa ule aliizalisha yeye. Alikuwa anauza kwa sababu macho yake yalianza kuingia ukungu, na alisema aliapa kuacha kuendesha kabla ya kumgonga mtu ambaye yeye mwenyewe alimleta duniani. Gari dogo, jeupe, la siku nyingi, limefunikwa shuka.

Sasa jambo moja Tani Kumi hakulisema, wala fundi hakujua la kuuliza. Maisha yake yote Tani Kumi alikuwa hajawahi kuendesha otomatiki. Lakini mtu aliyepitisha tani kumi kwenye madaraja ya mbao, atauliza namna ya kuendesha kigari cha mkunga? Akaingia, magoti yakagusa usukani, akakisogeza kiti nyuma mpaka mwisho. Fundi akakaa kando yake, mkunga nyuma. Gari likawaka kwa sauti ya upole. Likatoka getini vizuri.

Walipofika barabarani, likashika mwendo kidogo, na ghafla likajigonga kama limekutana na ukuta. Fundi akabusu dashibodi. Mkunga akashika kilemba chake. Tani Kumi akatazama vioo vyote, hakuna kitu. Akakanyaga mafuta tena, gari likaenda, likaanza kuchangamka, na likajigonga tena, safari hii vibaya zaidi. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa barabara na kurudi, kama mbuzi anayekokotwa.

Tani Kumi akazima injini, akashuka, akazungumza kwa sauti ya kutoa rambirambi. Akasema giaboksi ya gari hilo imekufa. Inakatakata gia. Ni afadhali mama ajue mapema.

Mkunga alisema tu kwamba kwake halijawahi kufanya vile. Akapokea ufunguo, akaufuta kwa ncha ya nguo yake, akawashukuru kwa kuja. Fundi alimwona akilifunika gari lile shuka polepole, akikunja pembe zake chini ya matairi kama anayemfunika mgonjwa.

Gari la pili lilikuwa la dalali, kwenye uwanja wa magari ya kuuza, yamepangwa yameoshwa mpaka yanakuumiza macho. Hilo lilikuwa la rangi ya fedha, viti vina nailoni bado, kioo kimening'inizwa kopo la manukato. Tani Kumi alikuwa safarini, fundi akaenda peke yake. Dalali akaendesha mwenyewe, akamzungusha kwenye barabara tambarare za pale nyuma. Gari lilikwenda kama siagi juu ya kikaango. Fundi akaona huo ndio uzima wenyewe. Akamwambia dalali amwekee, atarudi na pesa.

Usiku hakuufikia na siri yake. Dereva alimvua koti mlangoni, akalinusa.

"Umepanda gari la mtu anayeuza," akasema.

Fundi akasema alipewa lifti na mteja.

"Mteja gani ananing'iniza manukato yote hayo? Anayeishi na gari halipulizii manukato namna hii. Anayeuza ndiye. Kaa chini."

Fundi akakaa. Hajui kusema uongo, akijaribu masikio yanasogea. Akasema yote: daktari, cherehani ya kudarizi, mkunga, dalali. Mkewe alimsikiliza amesimama, ameegemea fimbo. Fundi alitegemea hasira, akawa amejiandaa nayo. Haikuja.

"Sikuogopa barabara hata siku moja," Dereva akasema mwishowe. "Hata leo siiogopi. Naogopa nikae kwenye usukani, nikute aliyekaa si mimi."

Fundi akachukua sindano akaanza kuitunga uzi, na sindano yenyewe ilikuwa na uzi tayari. Mkewe akamwona. Akaja akakaa kando yake, mguu wa kushoto ukafuata baadaye kama kawaida yake, akamnyang'anya sindano.

"Kesho nitakwenda kuliangalia," akasema. "Kuangalia tu, Fundi. Usikimbie ukanishonea sare."

Kesho yake wakaenda. Dalali alipoiona fimbo akawa mwema kupita kiasi, akamfungulia mama mlango wa abiria, akamwambia astarehe, kuendesha ataendesha yeye. Dereva hakubishana. Fundi akakaa nyuma. Walipotoka tu, fundi akasikia ile sauti ya dirishani, chini chini.

"Moja. Mbili... tatu."

Na gari likaitika. Kila alipotaja, likabadilika, bila mkono wa mtu wala mguu wa mtu. Fundi akaona shavu la mkewe, upande ule uliopinda ukarudi, likiinuka kidogo. Akaomba Mungu kimyakimya.

Dalali alitaka kugeuza pale wanapogeuzaga. Dereva akamwomba waende mbele. Dalali akasema mafuta ni machache. Dereva akasema watajaza wao. Wakajaza. Akamwomba wapite barabara ya sokoni, ile yenye foleni, na dalali akasema itawachelewesha, na Dereva akamjibu kwamba hana pa kuwahi, tangu ameugua hajawahi kuchelewa popote. Wakakaa kwenye foleni, injini inaunguruma, jua limesimama juu ya bati la gari. Walipotoka kwenye foleni, mbele yao ulikuwa ni mlima.

"Tatu," Dereva akanong'ona. "Sasa mbili... Mbili... Mwanangu, mbili iko wapi?"

Injini ilipiga kelele kama inauawa, na gari likabaki linatambaa. Nyuma yao wakapiga honi. Kisha gia ikafika, imechelewa, ikaingia kwa teke mpaka fundi akasikia kwenye mgongo.

"Injini imepanda mlima," Dereva akasema kwa upole, "sisi tumebaki chini."

Dalali akasema ni kitu kidogo, ni mafuta ya giaboksi tu yanataka kubadilishwa. Walipofika juu Dereva akamwomba asimame, afungue boneti. Akashuka na fimbo yake, akavuta kijiti cha kupimia mafuta ya gia, akakifuta kwenye kitambaa cheupe alichopewa na mumewe. Mafuta yale, yakiwa mazima, huwa mekundu, yanapitisha mwanga. Haya yalikuwa kama kahawa ya mwisho wa birika. Akamnusisha fundi. Yalinuka kuungua.

"Mimi nimebeba mkate maisha yangu yote," akamwambia dalali. "Mkate ukishaungua, huukandi upya. Giaboksi hii ikiwa baridi inajikaza, ikipata joto inachoka. Ndiyo maana hupendi foleni."

Dalali hakuwa mtu mbaya. Ana tumbo kama sisi. Alicheka, akakuna kichwa, akakiri kwamba naye aliuziwa vilevile asubuhi mapema, limeoshwa, baridi, bila mlima. Akasema siku nyingine akienda kununua atakuja kumchukua mama. Akawarudisha taratibu, akawalipa na pesa ya mafuta waliyojaza.

Walipotoka uwanjani mguu ulikuwa umechoka, wakakaa kwenye ukingo wa ukuta kando ya barabara. Fundi ndiye aliyevunjika moyo. Alisema basi, otomatiki zote ni wagonjwa. Hili linateleza gia, lile la mkunga linakata gia. Akaeleza namna lilivyokuwa linajigonga, alivyobusu dashibodi, na uso wa yule mama.

Dereva akamwacha amalize. Kisha akauliza, "Lilikuwa linajigonga wakati gani?"

Wakati wote, fundi akasema.

"Hapana. Fikiri. Linapoondoka?"

Hapana, kuondoka liliondoka vizuri. Linaposhika mwendo, linapokuwa linakaribia kuchangamka, ndipo.

"Pale ambapo mtu angebadilisha gia."

Fundi akasema ndiyo, hapo hasa.

"Na Tani Kumi, miguu yake ilikuwa inafanya nini?"

Sasa, fundi hajui gari. Lakini mshone macho, bado ataona suruali ya mtu. Alipokuwa kwenye kiti kile cha mbele alikuwa ametazama chini, kwa sababu upindo wa suruali ya shemeji yake, mguu wa kushoto, ulikuwa umefumuka, unaning'inia, na alikuwa anajiambia ataushona wakirudi. Akaukumbuka vizuri sana ule upindo. Akaona unapanda, unashuka. Unapanda, unashuka. Kila uliposhuka, yeye alikwenda kwenye dashibodi.

"Wa kushoto," akasema polepole. "Alikuwa anakanyaga na wa kushoto."

"Anakanyaga klachi," mkewe akasema.

"Si mle hamna klachi?"

"Hamna. Kuna breki tu, pana, kando ya mafuta. Tani Kumi ameikanyaga kwa mguu wa lori. Kila alipotaka kubadilisha gia!"

Na hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka, mpaka waliokuwa wanapita wakageuka, akamshika mumewe bega, akafuta machozi, akasema "breki" akaanza upya. Fundi alicheka kwa kumfuata, hakuwa na habari na breki wala klachi. Kicheko kile alikuwa hajakisikia tangu ile asubuhi ya kamba ya kiatu. Anasema kama wangerudi nyumbani bila gari siku hiyo, na milele, bado angeona cherehani yake imelipwa.

Lakini Dereva alipomaliza kucheka akatulia, akamwuliza, "Na yule mama mkamwacha anaamini gari lake limekufa?"

Tani Kumi aliporudi safari dada yake alimwita, akamwuliza maswali mawili tu: kama amewahi kuendesha otomatiki, na mguu wake wa kushoto ulikuwa unafanya nini siku ile. Kwa la pili alitazama mguu wake wa kushoto kama mtu anayemtazama mtoto wake mbele ya polisi. Kisha akasema watakwenda wote, na atasema mwenyewe.

Walikwenda asubuhi, kabla injini haijawashwa na mtu, kwa kutaka kwa Dereva. Mkunga aliwafungulia geti nusu. Sauti yake ilikuwa ya adabu na ya mbali. Alisema gari haliuzwi tena. Tangu siku ile hakuligusa, na keshamwambia mtu wa vyuma chakavu aje alichukue, maana hataki kumuuzia mwenzake ugonjwa.

Tani Kumi alivua kofia. Geti lote lilijaa yeye.

"Bibi, siku ile halikuwa gari," akasema. "Ilikuwa mimi. Sijawahi kuendesha otomatiki. Niliona aibu kusema, nikalisingizia."

Mkunga alimtazama kwa macho yake ya ukungu, akimsogelea ili amwone vizuri.

"Wewe nilikuzalisha mimi?" akauliza.

Tani Kumi akasema hapana, yeye alizaliwa mbali.

"Ndiyo maana. Wangu wote walitoka kwa kichwa." Akafungua geti lote. "Nililia, mwanangu. Nililia kama mjinga, kwa ajili ya chuma. Lile gari limenipeleka kwa wanawake wenye uchungu, mvua na jua, halikunisimamisha hata mara moja. Nikajiambia, macho yameenda, kumbe na masikio nayo, sikusikia hata gari langu likifa. Haya, pita."

Wakalifunua shuka. Dereva akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Baridi. Mkunga akatabasamu, akasema yeye naye hupima hivyo, ila kwenye paji la uso. Wakavuta kijiti: mafuta mekundu, hayanuki kitu. Kisha mkunga akatoa ufunguo mfukoni na kuuliza nani anaendesha.

Tani Kumi alitazama pembeni. Yeye fundi alijitahidi asimtazame mkewe.

"Mimi," Dereva akasema.

Akakaa. Akavuta kiti mbele, akarekebisha vioo, akashika usukani pale anapoushikaga. Fimbo akampa mdogo wake aliyejikunja kiti cha nyuma na mkunga; fundi alikaa mbele, kando ya mkewe. Akawasha. Gari likaunguruma kwa upole wake uleule. Na mguu wa kushoto, ule usiotaka kwenda popote, ukashtuka. Ukajiinua kidogo kutoka sakafuni, unatetemeka, unahangaika hewani.

"Unatafuta klachi," Dereva akasema kwa sauti ndogo. Mikono yake ilikuwa imeganda kwenye usukani. "Maskini. Haujui kama haipo. Fundi, mimi siwezi. Mguu huu umekuja na mimi tangu gari la mkate, haujui jingine."

Fundi hana la kusema juu ya magari. Lakini kuinama miguuni mwa watu ndiyo kazi yake; kila siku yuko chini akipima pindo. Akainama pale alipokaa, akaushika mguu wa mkewe kwa mikono miwili, akauweka pale pembeni, mbali na breki, akauacha mkono wake juu yake.

"Nimeushika," akasema. "Wewe endesha wa kulia."

Mguu ulitetemeka kidogo tena chini ya kiganja chake, kama mtoto anayeota. Kisha ukatulia.

Dereva akakanyaga breki kwa mguu wa kulia, akasogeza mkono wa gia kwenye herufi ya kwendea mbele. Gari likagutuka kidogo tu, kama mtu aliyeguswa bega.

"Usisukume," mkunga akasema kutoka nyuma, kwa mazoea yake ya miaka. "Legeza breki. Litakuja lenyewe."

Akalegeza. Na gari, bila kukanyagwa mafuta, likaanza kwenda.

"Linakwenda," Dereva akasema.

"Lina haraka kuliko wewe, dada," Tani Kumi akasema, na mkunga akamgonga kwa fimbo.

Walipita barabara ile ya dashibodi, halikujigonga hata chembe. Wakaenda mpaka sokoni, wakakaa kwenye foleni kwa makusudi mpaka injini ikapata joto kamili. Wakapanda mlima. Fundi ameinama, shingo inamuuma, haoni njia, anaona viatu tu, lakini anasikia. Moja, mkewe anasema kwa sauti. Mbili. Tatu. Na gari linaitika, linaitika, halichelewi. Walipofika katikati ya mlima sauti ikakoma. Fundi akashtuka, akainua kichwa kuona kuna nini. Hapakuwa na kitu. Alikuwa anaendesha. Alikuwa anatazama mbele, midomo imefungwa, shavu limepumzika, na ule uso fundi aliujua. Ndio aliotoka dukani akaukuta konani siku ile alipoacha kitambaa mezani.

Akaondoa mkono kwenye mguu, taratibu. Mguu haukusogea.

Mambo ya bei waliyamaliza barazani, bila mivutano. Mkunga aliwaambia vitu vingi, tairi gani linapenda kupungua upepo, na kwamba redio inashika stesheni moja tu. Alitaka kitu kimoja: siku akihitaji kwenda kupimwa macho, wamchukue. Dereva akamwambia atakuja mwenyewe, si kumtuma mtu. Wakati wa kuondoka yule mama alisimama getini ameshika shuka lake lililokunjwa, akapunga mkono upande ambao siyo, kwa ajili ya ukungu, na Dereva akapiga honi kidogo ili ajue walipo. Akageuka akacheka.

Nyumbani wakafika alasiri. Waliipita njia ndefu, Dereva alitaka hivyo, wakapita hata mitaa ambayo hakuna aliyekuwa na shida nayo. Tani Kumi alilala kwenye kiti cha nyuma tangu kituo cha mafuta, magoti yamefika kidevuni, anakoroma kama lori linalopanda. Dereva aliingiza gari uani, akazima, wala hakufungua mlango.

"Niache kidogo," akamwambia mumewe. "Sijachoka. Nakaa tu."

Fundi alijua kuna suruali za watu mezani, na mteja mmoja mkali wa koti. Akasema atakaa naye kidogo. Redio ikawa inasema mambo yake kwa sauti ya chini, hata hawakuisikiliza. Mkewe akaegemeza kichwa, akasema kesho atampeleka kununua nyuzi, kesho kutwa kwa wajukuu, na kabla hajafika siku ya tatu maneno yakawa marefu, yakapungua, yakaisha. Mkono mmoja ulibaki kwenye usukani.

Fundi alivua koti lake akamfunika. Akainama akatazama ule mguu wa kushoto, umelala pale alipouweka. Akasema moyoni ainuke akawashe cherehani. Akawasikiliza wale ndugu wawili, mmoja anakoroma, mmoja anapumua, na bati la gari likilia ti, ti, likipoa. Suruali za watu zikawa mbali. Akaegemeza kichwa kwenye bega la mkewe, polepole asimwamshe, na jua likiwa bado liko ukutani, naye akalala.